Namba ya Siraji

29 Juni

Naandika humu, kwenye laptopu ya Siraji, kwa sababu ndicho kitu pekee chumbani ambacho hakijaniambia pole.

Siraji mume wangu alifariki tarehe kumi na moja ya mwezi huu kwenye barabara ya Koboko, mvua ikinyesha, pikipiki yake na lori. Sasa niko eda. Miezi minne na siku kumi sitoki nje ya ua huu, sivai nguo ya rangi, sigusi hina wala manukato. Nyumba ni ya mama yake, Mama Kadijah, hapa Arua. Wanawake huja asubuhi na vyakula vyao, huniuliza naendeleaje, nasema alhamdulillahi. Wakiuliza tena, nasema alhamdulillahi. Siraji angecheka. Haskell, lugha ya kompyuta aliyoipenda kuliko zote, ndivyo ilivyo: kila kitu ndani yake ni kanuni, na kanuni ukiipa swali lilelile itakupa jibu lilelile, jua liwake mvua inyeshe, wala haigusi kitu kingine pembeni. Basi nimekuwa kanuni. Swali linaingia, jibu linatoka, ndani hakuna kilichoguswa.

Sihisi kitu. Naliandika hilo ili baadaye nisije nikadai kwamba nililia.

30 Juni

Mvua. Wageni. Alhamdulillahi.

4 Julai

Lomoro amepiga simu. Huyu ni mwenyekiti wa waendesha bodaboda wa Koboko, mtu mzima mwenye wajukuu na meno machache, lakini katika nyumba hii mwanamke aliye eda haongei na mwanamume asiye ndugu yake, awe na meno au asiwe nayo. Kwa hiyo Mama alikaa kizingitini na simu yake ya tochi sikioni, anasuka kawa yake ya kufunikia chakula, na maneno yakawa yanapita kwake kama kwa karani wa mahakama.

"Anasema pole," Mama akaniambia.

"Mwambie asante."

"Anasema mashine iko nalala tangu siku ile."

Mashine ni kompyuta ndogo iliyo ofisini kwa Lomoro, haizidi kitabu cha sala kwa ukubwa. Ndani yake mlikuwa na programu ya Siraji. Mwanamke wa Kuluba, nje ya mji wa Koboko, akishikwa na uchungu, yeye au jirani yake anatuma meseji yenye jina la kijiji. Programu inatazama dereva yupi yuko huru na kijito kipi kimejaa, inachagua, inamtuma. Kwa mwanamke inajibu: *Pikipiki nakuja. Hapana ogopa.* Siraji aliyaandika hivyo hivyo, kwa maneno ya watu wa huko, maana alisema mtu mwenye uchungu hana nafasi ya sarufi.

Taabu ni kwamba programu ilikuwa inakubali kwa mikono ya Siraji tu. Kwenye laptopu hii ilikwenda kama maji. Kule Koboko, kila mtu akigusa kitu kwenye mashine, ilikufa, na Siraji akapanda pikipiki kwenda kuifufua. Ndiyo safari aliyokuwa anakwenda.

Mama akasikiliza tena, sindano imesimama. "Anasema mvua kubwa nakuja mwezi ya kumi. Anasema kama mashine iko nalala, wamama ya Kuluba nakufa kwa njia, kama ule mwaka mbele ya mashine."

"Mwambie nitaangalia."

Nilisema ili akate simu.

5 Julai

Sikuangalia.

12 Julai

Nimeangalia. Si kwa huruma, nisijidanganye. Nilichoka kutazama ukuta.

Programu ni nzuri. Siraji alikuwa mvivu wa kufua na kuosha vyombo, lakini kanuni zake ni safi. Nimezipitia moja moja, kama nilivyofundishwa chuoni, nikafika ya mwisho. Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu yawe kitu ambacho mashine inaweza kutenda, aliiwekea masharti makali: isikubali pengo lolote. Dereva huyu akiwa huru, fanya hivi. Kijito kikijaa, fanya vile. Na kama hakuna dereva hata mmoja? Lazima kuwe na jibu, la sivyo kompaila inagoma. Nakumbuka siku aliyoliandika. Alicheka peke yake, akaniita, akasema, "Sadiya, imekataa niache mahali patupu. Nimejiweka mimi." Namba yake. Hakuna dereva, basi itwe simu ya Siraji, na Siraji atapigia kila anayemjua mpaka gari lipatikane.

Simu yenyewe iliokotwa barabarani, kioo kimepasuka. Mama aliitia kwenye sanduku lake la bati. Itakuwa imekwisha kuzimika.

Tatizo la safari lina dawa, na tulikuwa tumelizungumza kabla. Dawa ni kontena. Badala ya kupeleka programu peke yake na kuomba ikute kila inachohitaji kule, unaifungia pamoja na mahitaji yake yote katika kifurushi kimoja, wenyewe wanakiita imeji, kisha unakifunga. Kikifika Koboko kinafunguliwa na kutenda vilevile kilivyotenda Arua. Hakuna wa kukifuata nyuma. Siraji alikuwa anasema atafanya wiki ijayo.

Mama alipita akaniona. "Watu nasema nini? Mjane iko nacheza kompyuta." Kisha akakaa, akaendelea kusuka. Tangu mazishi sijamwona akilia. Ni mwanamke mkavu, na mimi sina haki ya kumcheka.

13 Julai

Mvua. Mtandao hakuna.

19 Julai

Kupakua kompaila kwa mtandao wa Arua ni kama kuchota kisima kwa kijiko. Usiku inafika nusu, asubuhi inaanza upya. Mama anauliza kwa nini naiangalia sana ile mistari ikisogea. Inasogea, basi.

3 Agosti

Imeji ya kwanza imekamilika na imekwenda Koboko. Niliitia kwenye flashi, Mama akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka juu ya gurusa, ile mikate yetu myembamba, akafunika kwa kawa, akampa Latifu anayeendesha teksi ya Koboko. "Hii usikalie," alimwambia.

Jioni Lomoro akapiga. Mama akasikiliza, akageuka.

"Anasema mikate imeingia. Kitu yako imekataa kuingia."

Mashine ilisema haina nafasi. Nilijua papo hapo nilichokifanya, na nikajiona mjinga, ingawa hata ujinga siku hizi nauona kwa mbali. Nilifunga jiko zima. Kompaila, maktaba zake, masufuria, kuni, moshi. Mwanamke aliyekaa msibani karibu miezi miwili akiletewa chakula angepaswa kujua. Chakula kinapopelekwa kwa wafiwa, inapelekwa sahani chini ya kawa. Hakuna anayebeba mafiga.

4 Agosti

Nimejenga kwa hatua mbili. Katika kontena la kwanza, lile kubwa, napika: kompaila inafanya kazi yake. Kisha nafungua kontena la pili, tupu, dogo, nahamishia humo chakula peke yake, na jiko nalitupa. Kifurushi kilichobaki ni kidogo sana hata nikadhani nimesahau kitu. Nilimweleza Mama, maana aliuliza. Akasema, "Sasa hiyo nini ya kusomea chuo? Kila mutu najua."

9 Agosti

Wageni wamepungua. Alhamdulillahi, na hii ya leo ni ya kweli.

17 Agosti

Kifurushi cha pili kimeingia, kikafunguliwa, kikafa hapohapo. Lomoro alisoma kilichoandikwa kwenye kioo, Mama akakirudia kwangu herufi kwa herufi, uso umekunjamana kama mtu anayesoma barua ya polisi.

"E. X. E. C."

"Exec. Endelea, Mama."

"Fomati. Erori." Akaweka mkono kwenye simu. "Hii tusi?"

Nilicheka. Sauti ilitoka puani, fupi, ikanishangaza. Mama naye akanitazama. Kisha nikaona haya na tukaendelea.

Si tusi. Mashine ya Koboko ina chipu ya aina ya simu, laptopu hii ina chipu ya aina nyingine. Kontena linabeba kila kitu isipokuwa chipu. Siraji alikuwa akiijenga programu kulekule, juu ya mashine yenyewe, ndiyo maana hakuwahi kukutana na hili. Lazima nijenge upya, laptopu ikijifanya ni mashine ya Koboko. Itakuwa polepole mno.

25 Agosti

Kabla ya kujenga mara ya tatu nilitaka kuitoa namba ya Siraji. Imeji ikishafungwa, imefungwa, na kila kilichoandikwa ndani kinabaki hivyo mpaka ujenge nyingine. Nikamwomba Lomoro awaulize madereva: nani awe wa mwisho? Nani apigiwe pale ambapo hakuna mtu?

Aliwakusanya leo, simu ikiwa wazi, nikawasikia kwa mbali. Fabiano akasema mke yake hapana penda simu ya wanawake. Sule akasema simu yake haikai na chaji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikubali kubeba mama yeyote kwa zamu, lakini hakuna aliyetaka kuwa mtu wa mwisho, yule asiye na wa kumsukumia.

Lomoro akasema kwa sauti ya kuchoka, na Mama akanipa neno kwa neno: "Anasema acha ya Siraji. Madereva iko mingi. Anasema ile mstari hapana fika."

"Mwambie asiyekuwapo na lake halipo. Siraji hayupo, Mama. Simu ikipigwa nani atapokea?"

Mama hakumwambia. Alibana simu sikioni, Lomoro akiita haloo, haloo. Kisha akamjibu mwenyewe, bila kuniuliza: "Sawa. Tunaacha."

Nilikasirika. Au nilijua kwamba ni mahali pa kukasirika. Ningeweza kuitoa hata hivyo. Lakini nilipoweka kidole kwenye ule mstari, kompaila ikauliza niweke nini badala yake, na sikuwa na jina. Nikaiacha, nikafunga. Nitarekebisha baadaye.

Mama hakula jioni.

30 Agosti

Inafanya kazi. Lomoro alizima mashine akawasha, akachomoa waya, akaruhusu mpwa wake aguseguse kila kitu, programu ikaamka kila mara kama haikuwahi kulala. Alipiga kelele simuni hata Mama akaiondoa sikioni. "Anasema Mungu akubariki. Anasema hakuna mutu atatoka Arua tena juu ya hii."

Nilingoja nifurahi. Nikangoja kidogo tena. Nikaenda kuosha vyombo.

Kilikuwa ni kitu cha wiki chache. Siraji angekifanya mapema, asingepanda pikipiki.

6 Septemba

Pikipiki imemfikisha mama mmoja hospitali. Hivyo tu.

11 Septemba

Mvua. Wawili.

15 Septemba

Mama ananichosha. Kila asubuhi, kabla sijaamka, sola imekwisha shikwa. Waya unaingia chumbani kwake chini ya mlango na hautoki mpaka adhuhuri. Simu yake ni ya tochi, chaji yake inakaa wiki nzima. Anachaji nini? Nilimuuliza, akasema, "Jua ni ya kila mutu." Laptopu inanifia mikononi na yeye ananipa methali.

23 Septemba

Mvua. Sola imeshikwa. Sihisi kitu.

2 Oktoba

Mvua kubwa imeanza kweli. Hata choo cha jirani kimezama. Lomoro anasema madereva wanapiga simu wao wenyewe kueleza vijito vilivyojaa, na programu inavizunguka vizuri. Mama alimuuliza maswali mawili ya kwake, bila kupitia kwangu. Nimegundua anaijua programu nzima. Ni miezi mitatu kila neno limepita kinywani mwake.

9 Oktoba

Nataka niandike hii polepole.

Baada ya swala ya alasiri nilikuwa nachambua mchele. Mvua juu ya mabati ilikuwa nzito hata sikusikia mawazo yangu, na hilo halikunisumbua. Kisha nikasikia kitu kingine chini ya mvua. Mlio wa simu. Mlio ule, wa Siraji, ngoma ya doluka aliyoirekodi kwenye harusi ya dada yake, na vigelegele ndani yake.

Nilidhani ndiyo nimerukwa na akili, na nilichofikiria ni kwamba afadhali.

Mama akatoka chumbani. Ameishika simu kwa mikono miwili, kioo kimepasuka toka pembe hadi pembe, taa yake inawaka.

"Siraji naitwa," alisema.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya mchele na nikaiona kama ya mtu mwingine. Mama akaja, akachuchumaa, akaniwekea simu mbele ya macho. "Soma."

Nikasoma. *Hakuna dereva. Mama iko Kuluba, jina Poni. Mto najaa mbili upande. Tafuta gari.*

Ule mstari usiofikiwa ulikuwa umefikiwa. Madereva wote walikuwa upande wa mjini, maji katikati, na programu ilipitia kanuni zake moja moja kama ilivyoagizwa, ikafika mwisho, ikamwita mtu aliyezikwa. Na mimi ndiye niliyelifunga jina lake humo kwa mkono wangu.

"Mama, ni kosa langu," nilisema. "Nilisema nitarekebisha."

Hakunisikiliza. Alikuwa amekwisha kutoa simu yake ya tochi. Ana mtoto wa dada yake Koboko, Muzamili, mwenye lori la mbao, la magurudumu marefu. Alipompata, Muzamili alianza kueleza hali ya barabara. Nilimsikia mpaka nilipokaa.

"Muzamili," Mama alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nazika mtoto. Usiniambie maneno ya mvua."

Kisha Muzamili akasema, "Niko naenda, Mama."

Tukakaa. Mama alishika simu mbili, moja kila mkono. Nilimwandikia Poni kwa simu ya Siraji, namba yake ikiwa chini ya ile meseji, na kwa sababu sikujua la kuandika nikaandika maneno ya Siraji: Gari nakuja. Hapana ogopa. Vidole vyangu vilijikata kwenye kioo. Poni akajibu, Asante kaka.

Mama akauliza anasema nini. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Magharibi ilipoadhiniwa Muzamili alikuwa bado. Tuliswali pamoja, yeye akiongoza. Tulipotoa salamu simu ya tochi ikalia. Lori lilipita kwenye maji yaliyofika milangoni, wakamkuta Poni amekaa na jirani yake chini ya turubai. Wamefika hospitali. Mtoto wa kike amezaliwa kwenye ngazi ya mlangoni, mkunga akiwa ameshika taa. Wote wazima.

Mama akashukuru, akakata. Ndipo nikamuuliza. Sola, waya, kila asubuhi.

"Lomoro anasema ile mstari hapana fika," alisema. "Mimi nasikia. Lakini mimi nazaa Siraji, mimi najua yeye. Anaweka jina mahali, jina itafika." Alipangusa kioo kwa pindo la gomasi, gauni lake refu. "Kama mutu naita yeye, si vizuri apate kimya."

Nililia. Naandika hapa kwa sababu nilisema sitadai. Nililia kwa sauti, mchele ukamwagika, nikaita jina lake, na iliuma mahali pote ambapo miezi yote hii hapakuwa na kitu. Mama alinishika kichwa kifuani na yeye akalia, na nikajua kwa jinsi alivyolia kwamba hakuwa ameanza leo. Alikuwa akilia kila asubuhi nyuma ya ule mlango, simu ikijaa chaji, na mimi nikamwita mkavu.

10 Oktoba

Lomoro amepiga. Madereva wana haya. Fabiano anasema sasa aandikwe yeye wa mwisho, mke amekubali. Sule amenunua betri.

Nilimtazama Mama aamue. Akamwambia Lomoro, "Waambie asante. Mahali iko na mutu."

17 Oktoba

Eda imekwisha, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Wanawake walinikogesha asubuhi, wakanivisha gomasi ya kijani, wakanipaka hina. Nilitoka nje ya ua nikasimama barabarani. Kulikuwa na mbuzi na matope. Nilimtafuta Siraji katika kila pikipiki iliyopita, na iliuma, na nikasimama palepale mpaka ikapungua kidogo.

Jioni nimejenga imeji ya nne. Namba ya mwisho nimeitoa ndani, nimeiweka kwenye faili dogo nje ya kontena, ili siku ikihitajika kubadilishwa mtu asijenge upya kila kitu. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Katika faili hilo namba ni ileile. Jina nimeandika Kadijah.

Latifu ameondoka nayo chini ya kawa. Ningeweza kwenda nayo mwenyewe sasa. Hapakuwa na haja.

24 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Simu ya Siraji imelia mara moja. Mama amepokea.